Nusu ya Chungu Kitupu

Kilichowaudhi wanawake wa uwanjani Ijumaa ile kilikuwa jina, si hesabu. Mzee Chonga, mwenyekiti wao, alisimama mbele ya vibanda vinne vipya vilivyokuwa bado vyanukia mbao, akatangaza kwamba vitagawanywa kesho saa nne kwa pata potea. Bi Fadhiya, muuza bajia, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Pata potea ni kamari, Mwenyekiti. Ule ni mchezo wa wahuni wa stendi, kadi tatu na mkono mwepesi. Sisi tu wake za watu."

"Ni jina tu, Bi Fadhiya," akasema Mzee Chonga kwa upole. Alikuwa karani wa bandari kabla hajastaafu, na kila alilosema alilisema kama analisoma kwenye karatasi. "Natia vikaratasi viwili bakulini. Kimoja kimeandikwa Pata, kimoja Potea. Nakuita kwa zamu ya daftari, waja, watoa kimoja bila kuangalia. Ukipata, kibanda chako. Ukipotea, wakirudisha, namwita mwenzako, mpaka vinne viishe. Kila mtu nusu kwa nusu. Mwataka haki gani tena?"

"Basi tuite kura."

"Haya, tuite kura."

Wakaridhika. Jina likaoshwa likatakata, na ile hesabu ikabaki na uchafu wake, maana hakuna aliyeinama kuitazama.

Walikuwa kumi na wawili. Daftari lilifuata miaka ya mtu pale uwanjani. Wa kwanza alikuwa Zilpah, mama Levi, muuza njugu na mihogo ya kukaanga, aliyetoka bara zamani na sasa alikuwa amezeeka pale pale na karai lake. Wa kumi na mbili alikuwa Mwanabaraka, muuza mabuyu. Na mambo hayakuwa ya mzaha. Jumatatu uwanja ungezungushiwa ua, na wanane watakaokosa hawangeruhusiwa kuweka hata sinia moja ndani. Vibanda vinne vingine vingejengwa baada ya Idi, na hao wanane ndio ambao wangevipigia kura. Idi ilikuwa miezi mitano mbele.

"Na hiyo miezi mitano?" akauliza mtu.

"Kila mmoja ajue pake," akasema Mzee Chonga, akafunga daftari.

Mwanabaraka hakuwa na pake. Wateja wake walikuwa watoto wa shule iliyopakana na uwanja, waliotoka mbio wakati wa mapumziko na shilingi kumi kumi zimeloa jasho mkononi. Mumewe, Saif, fundi wa mashua kule Liwatoni, alianguka kutoka kwenye ngazi, na huu ulikuwa mwezi wa tatu mguu wake umefungwa plasta kutoka paja hadi kifundo. Tangu siku hiyo nyumba nzima ilikula kwa mabuyu. Hata hivyo alirudi nyumbani Ijumaa ile akiwa na moyo mwepesi, maana mtu aliyeahidiwa nusu si haba.

*

"Si nusu, Mama," akasema Yumna.

Yumna alikuwa binti yao wa pekee, miaka kumi na mitatu, gredi ya nane, na alikuwa na tabia ya kusema jambo zito huku ameinamia sahani. Mwanabaraka alikuwa amemaliza kusimulia.

"Kula wali wako," akasema Saif kutoka kitandani. Kitanda kilihamishiwa sebuleni tangu alipoanguka, na toka hapo akawa mwamuzi wa kila mazungumzo. "Kuna kupata na kuna kukosa. Mambo mawili. Mambo mawili ni nusu kwa nusu, hata aliyekimbia madrasa alijua hilo."

"Kesho mguu wako, Baba, ama utakuwa umepona ama haujapona. Mambo mawili. Ni nusu kwa nusu?"

Saif akautazama mguu wake. Mwanabaraka akaficha kicheko kwenye ncha ya leso.

"Mwalimu asema mambo yawe na uzito sawa ndipo uyagawe sawa," Yumna akaendelea. "Ukiwa na kimoja cheupe na kimoja cheusi ndani ya kikombe, hiyo ni nusu kweli. Lakini Mama ni wa kumi na mbili. Kabla hajafikiwa, kumi na moja washatia mkono. Lazima kwanza kibanda kimbakie. Ndipo aipate hiyo nusu."

"Kitambakia," akasema Mwanabaraka. "Wengine watakosa."

"Tujaribu."

Basi hapo ndipo nyumba ilipogeuka shule. Yumna akakata vifungo viwili kwenye shati kuukuu la babake, kimoja cheupe, kimoja cheusi, akavitia kwenye kikombe cha kahawa. Cheupe ni pata. Akawataja wanawake kumi na wawili kwa zamu yao, kuanzia mama Levi, na kwa kila jina Mwanabaraka akafumba macho, akatoa kifungo, akakirudisha. Vyeupe vinne vikitoka, duru imekwisha. Hawakuwa na karatasi karibu, na Saif alitaka kuonyesha kwamba yote hayo ni upuuzi, kwa hiyo akachukua kalamu akawa anaandika matokeo kwenye plasta yake.

Duru ya kwanza vibanda viliisha kwa mtu wa saba. Ya pili, kwa wa sita. Ya tatu vikafika kwa wa tisa. Wali ukapoa. Jirani alipiga hodi kuomba chumvi, akapewa, akaondoka akijiuliza kwa nini mtu mzima amefumba macho na mkono u ndani ya kikombe. Duru ya kumi na moja kibanda kimoja kilimbakia Mwanabaraka, akatoa kifungo: cheusi. Ya kumi na sita kikambakia tena, akatoa cheupe, na Saif akapiga kofi mpaka mguu ukamuuma.

Walipomaliza duru ishirini, Saif akaanza kuhesabu alama zake kwa kidole, kutoka gotini kushuka. Akahesabu mara mbili. Sauti yake ikabadilika.

"Mara kumi na nane hukufikiwa kabisa. Mara mbili ulifikiwa. Mara moja ulipata."

"Moja kwa ishirini," akasema Mwanabaraka.

"Moja kwa ishirini."

Mwanabaraka akakaa chini. Ule moyo mwepesi aliokuja nao ulimtoka wote. Uchungu uliomshika haukuwa wa kukosa, maana kukosa alikuzoea. Ulikuwa wa kufurahia tangu asubuhi kitu ambacho hakuwahi kupewa. Alikumbuka alivyomwambia Mzee Chonga ahsante, kwa mikono miwili, mbele ya watu.

"Na mama Levi?" akauliza.

"Mama Levi ana nusu yake kamili," akasema Yumna. "Yeye na watatu wanaomfuata. Vibanda vinne haviwezi kuisha kabla yao. Haki ingekuwa vitu kumi na viwili, vinne vya kupata, na kila mtu atoe kimoja asirudishe. Nne kwa kumi na mbili. Theluthi moja, kila mtu."

"Hapo pia wa mwisho huambulia makombo," akasema Saif. "Vinne vyaweza kuisha vile vile."

Hilo Yumna alijua kulikokotoa daftarini, kulieleza hakujua. Na hapa ndipo mimi huvua kofia kwa Mwanabaraka, aliyeacha shule darasa la tano. Alitazama sinia lake lililokuwa limeegemezwa ukutani.

"Mimi hufunga pakiti," akasema polepole. "Nyingine natia ya manjano ndani, ile yenye pilipili, wanayoipenda. Nikishazifunga nazipanga siniani. Mtoto wa kwanza aja mbio, awasukuma wenzake ati awahi ya manjano. Awahi nini? Pakiti zimeshafungwa. Wa mwisho achukua iliyobaki, na mara ngapi nimeona ndiyo iliyo na manjano. Pakiti hazijui nani kaja mbele." Akamtazama mumewe. "Watu wakitoa na wasifungue mkono mpaka wote wawe wametoa, huyo wa kwanza ana nini asichokuwa nacho wa mwisho?"

Saif akageuza plasta upande ambao haujaandikwa.

"Leteni mabuyu," akasema.

Wakatia manane mekundu na manne ya manjano kwenye mfuko, wakajaribu duru ishirini nyingine. Punje ya mwisho ilikuwa ya manjano mara saba. Yumna akasema theluthi ya ishirini ni sita na kitu, bahati haisomi kitabu neno kwa neno, lakini ukiifuata kwa muda huja karibu na kitabu.

*

Jumamosi saa nne, Saif aliingia uwanjani kwa magongo mawili, binti upande mmoja, mke upande wa pili na kopo la mabuyu. Hakuwa ametoka nje ya mlango zaidi ya miezi miwili. Mzee Chonga alishakaa mezani, bakuli mbele yake, vikaratasi viwili vimekunjwa vizuri.

"Salaam, Mwenyekiti," akasema Mwanabaraka. "Naomba ruhusa ya neno kabla hujaanza. Hii kura haiko sawa."

Mzee Chonga akavua miwani.

"Haiko sawa. Bakuli ni moja, karatasi ni zile zile kwa kila mtu. Upendeleo uko wapi?"

"Uko kwenye foleni."

"Mwanabaraka," akasema, na hakusema kwa ubaya, ndiyo maana iliuma zaidi, "wewe na hesabu mmejuana lini?"

Baadhi wakacheka. Kwa muda mfupi Mwanabaraka alitaka kusema yaishe, arudi mwisho wa mstari alikozoea. Ila Saif alikuwa ameshaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mguu wake ameunyoosha mpaka chini ya pua ya Mwenyekiti.

"Ushahidi huu hapa," akasema Saif. "Soma, Mzee wangu. Kutoka gotini kushuka."

Mzee Chonga alikuwa amesoma mengi katika ukarani wake, lakini mguu hakuwahi. Akavaa miwani, akainama. Yumna akamwonyesha mstari kwa mstari: duru hii viliisha kwa wa saba, hii kwa wa sita, hii kwa wa tisa. Wanawake wakasogea. Kila mmoja akawa anatafuta jina lake kwenye plasta ya mume wa mtu.

"Ala," akasema wa kumi kwenye daftari. "Mimi nimepata mara mbili tu?"

"Nami nakupa theluthi, Mwenyekiti, badala ya hii," akasema Mwanabaraka, akafungua kopo. Akaeleza: punje kumi na mbili, nne za manjano, kila mtu atoe moja, mkono ufungwe, ufunguliwe kwa pamoja.

Bi Fadhiya hakupendezwa. "Ngoja kwanza. Mzee anipa nusu, wewe wanipa theluthi. Nusu na theluthi, kubwa ni ipi? Hata kwenye bajia nusu ni kubwa."

"Nusu ni kubwa, Bi Fadhiya. Lakini wewe ni wa tisa. Ukifika chunguni wali umekwisha. Nusu ya chungu kitupu washiba nayo?"

Bi Fadhiya akautazama mguu tena, akatafuta mstari wake, akahesabu kimya kimya. Kwake yeye, kunyamaza ilikuwa ni kukubali.

Mzee Chonga akajiegemeza kitini. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na alipotazama juu hakumtazama Mwanabaraka, alimtazama mama Levi. "Wewe ndiye wa kwanza hapa, na wewe ndiye unayepunguziwa. Wasemaje?"

Zilpah alikuwa ameshika kijiko chake cha karai kifuani. Kila asubuhi yeye na Mwanabaraka walisaidiana kushusha masinia, na kila alasiri waligawana kijiti cha muhogo. Hakumtazama rafikiye.

"Msinidanganye kwamba siitaki nusu yangu," akasema. "Naitaka. Miaka yote hii nimekaa juani, sasa nimekuwa wa kwanza mara moja tu, na leo ndiyo naambiwa wa kwanza na wa mwisho ni sawa." Akashusha kijiko. "Lakini nikishaujua mguu huu umeandikwa nini, siwezi kusema sikuusoma. Tieni mabuyu."

Mwanabaraka alitaka kumshika mkono. Mama Levi alikuwa ameshageuka.

Mzee Chonga akazitia punje kumi na mbili kwenye kiganja, akafumba macho, akazipapasa moja moja akijaribu kutambua zipi za manjano. Mwanabaraka alizichagua zote za ukubwa mmoja, na sukari imeganda juu yake kwa unene mmoja. Akashindwa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: akavua kofia yake, nyeupe, ya kudariziwa, akazitia humo.

"Rangi itaganda, Mzee," akaonya Mwanabaraka.

"Itafuliwa," akasema. "Bakuli laonyesha ndani. Kofia haionyeshi."

"Basi mimi nitachukua itakayobaki," akasema Mwanabaraka. "Nimezipika mimi. Asije mtu akasema mkono wangu wazijua."

Wakapita kwa zamu, mama Levi mbele. Mzee aliinua kofia juu ya vichwa vyao, kila mmoja akatia vidole, akafunga ngumi. Jua lilikuwa kali na viganja vilitoka jasho. Mwanabaraka alipofika kulikuwa na punje moja, akaitoa bila kuitazama. Kumi na wawili wakasimama duara, ngumi mbele, kimya, na hata Bi Fadhiya, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, midomo yake ilikuwa ikisoma dua tu.

"Fungueni."

Ya kwanza ya manjano ilikuwa kwa wa tatu. Ya pili kwa wa tano. Ya tatu kwa Bi Fadhiya, akaanguka chini akasujudu pale pale mchangani. Ya nne kwa wa kumi na moja, aliyekuwa jirani kabisa wa Mwanabaraka.

Katika kiganja cha Mwanabaraka kulikuwa na punje nyekundu, na rangi yake imetambaa mpaka kwenye mistari ya mkono. Iliuma. Asikudanganye mtu kwamba aliyepigania haki haumwi anapokosa. Aliutazama mkono ule, akamtazama Saif, na Saif akainamisha kichwa juu ya mguu wake ulioandikwa. Yumna machozi yalimlengalenga.

"Tulikosea, Mama?"

"La," akasema Mwanabaraka. "Ulisema theluthi moja ya kupata. Hizo theluthi mbili nyingine hukuzificha. Ndizo hizi."

Mzee Chonga aliandika majina manne kwenye daftari. Kofia yake ilikuwa na madoa mekundu na ya manjano ndani kama leso ya mtoto. Alipompita Mwanabaraka akasimama.

"Miaka thelathini nimehesabu magunia bandarini," akasema. "Nusu nilijua ni nusu tu. Mwambie binti yako aje anifundishe hiyo ya mguuni."

*

Mama Levi alikuwa akifunga karai lake kwa kamba. Mwanabaraka akamwendea, akashika ncha ya pili ya kamba kama kila siku. Kiganja cha mama Levi kilikuwa chekundu pia.

"Kama si wewe ningekuwa na nusu," akasema mama Levi.

"Najua."

"Huenda sasa hivi ningekuwa napanga njugu ndani ya kibanda."

"Huenda. Na huenda la. Lakini nusu ulikuwa nayo, mimi ndiye niliyekunyang'anya. Nisamehe, mama Levi."

Mama Levi akakaza fundo, akalifungua, akalikaza tena. Watoto wa masomo ya Jumamosi walikuwa wamening'inia ukutani mwa shule wakiita mabuyu, na Mwanabaraka hakugeuka. Miezi mitano ya kutembea na sinia kichwani ilikuwa mbele yake, aliweza kuiona mtaa kwa mtaa, lakini kilichomwelemea kilikuwa hiki cha rafikiye.

"Baada ya Idi," akasema mama Levi mwishowe, macho bado kwenye kamba, "tutakuwa wangapi kwenye hiyo kofia?"

"Nane."

"Na vibanda?"

"Vinne."

Mama Levi akaacha kamba. Akainua mkono wake mwekundu, akakunja vidole vinne, akainua wa pili, akakunja vinne, akavitazama. Kisha akacheka, kicheko cha chini chini kilichomtikisa mabega, akainama akashika upande wake wa karai.

"Mwizi wee," akasema. "Nusu yangu umenirudishia. Shika huko, tuondoke."

"Na safari hii," akasema Mwanabaraka, akiinua upande wake, "hata wa mwisho anayo."